Nimemwita ofisini mara tatu, hakuna kinachobadilika. Nizungumze naye vipi?

Swali

Mimi ni msimamizi wa stoo katika kampuni inayouza dawa za binadamu kwa jumla hapa Mwanza. Nina miaka 29 na nasimamia watu saba. Mmoja wao ana miaka 51, yuko hapa tangu kampuni inaanza, na ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia. Tangu mwezi wa tatu, tulipohamia mfumo mpya wa kompyuta, oda anazoandaa zinarudi na makosa. Nimemwita ofisini mara tatu. Kila mara ananisikiliza, anasema "sawa bosi, nimekuelewa, nitajirekebisha", na wiki haiishi oda nyingine inarudi. Meneja anataka nimwandikie barua ya onyo wiki ijayo, na amesema jambo hili litaangaliwa kwenye nyongeza ya mshahara ya Desemba. Namheshimu sana mzee huyu, ila dawa si kitu cha kuchezea. Nizungumze naye vipi ili abadilike?

Jibu

Dada yangu, barua hiyo isiandikwe wiki ijayo. Kwa ulivyoeleza, hakuna mtu hapo kazini anayejua kwa nini oda zinarudi: si wewe, si meneja, na huenda hata mzee mwenyewe hajui. Mmekutana mara tatu mkazungumzia makosa, na kazi yenyewe bado hamjaigusa. Mazungumzo ya kuinua utendaji yapo kwa ajili ya kutafuta mahali kazi inapokatikia, ili mkishapaona mparekebishe. Kumwambia mtu kwamba amekosea ni sehemu ndogo sana ya hayo, na mara nyingi anakuwa ameshajua kabla hujafungua mdomo.

Ila kuna jambo moja halisubiri mazungumzo yoyote. Umesema kweli, dawa si kitu cha kuchezea. Kuanzia kesho asubuhi, kila oda ikaguliwe na mtu wa pili kabla boksi halijapigwa solotepu, na iwe hivyo kwa watu wote saba. Ukimwekea mkaguzi mzee peke yake, utakuwa umetangaza hukumu mbele ya stoo nzima kabla hujamsikiliza. Ukiweka kwa wote, mgonjwa wa Sengerema analindwa na hakuna aliyevuliwa nguo hadharani. Zungumza na mfamasia wenu juu ya hilo leo hii, kwa sababu usalama wa kinachotoka humo ndani ni jukumu lake pia.

Sasa rudi kwenye sentensi yako mwenyewe. Umeandika kwamba makosa yalianza mwezi wa tatu, mlipohamia mfumo mpya. Umeyaweka mambo hayo mawili pamoja kisha ukapita. Mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka yote, akaijua kiasi cha kukufundisha wewe, hageuki mzembe ndani ya mwezi mmoja, tena mwezi uleule kazi ilipobadilishwa. Huenda kuna sababu nyingine, nitaifikia. Lakini hapo ndipo pa kuanzia.

Kabla hujamwita tena, chukua hati zote za oda zilizorudi tangu mwezi wa tatu, kaa nazo saa nzima bila simu, uzigawe kwa aina ya kosa. "Anakosea oda" ni neno pana mno, huwezi kulifanyia kazi. Je, alipeleka dawa sahihi kwa nguvu isiyo sahihi, tuseme amlodipine, dawa ya presha, ya miligramu 5 badala ya 10? Je, alikosea idadi, mteja kaagiza paketi kumi akapelekewa katoni? Je, alitoa toleo (bechi) jipya akaacha rafuni lile linalokaribia kuisha muda? Au aliweka mzigo wa mteja mmoja kwenye boksi la mwingine?

Kila aina inakupeleka mahali pake. Nguvu zikichanganyika, angalia maandishi na rafu: maboksi ya kiwanda kimoja hufanana rangi na umbo, yakipangwa ubavu kwa ubavu hata kijana mwenye macho mazima huchukua lisilo lake. Idadi ikikosewa, angalia kipimo ambacho mfumo mpya unatumia. Mara nyingi mfumo wa zamani ulihesabu kwa paketi na mpya unahesabu kwa katoni au kwa kidonge, na mtu aliyezoea miaka mingi anasoma namba kwa mazoea. Toleo lisilostahili likitoka, huenda alikuwa na mpangilio wake wa rafu kichwani, wa zamani mbele na mpya nyuma, na mfumo sasa unampeleka kwenye namba za rafu asizozizoea. Mizigo ikichanganyika, angalia saa. Kama nyingi ziliandaliwa dakika za mwisho kabla mabasi ya Geita na Musoma hayajaondoka au kabla mzigo wa Ukerewe haujawahi meli, tatizo lako ni haraka.

Halafu fanya na jambo lisilopendeza: hesabu makosa ya wale wengine sita, kabla na baada ya mwezi wa tatu. Ukikuta na yao yamepanda, tofauti ni kwamba ya mzee yanaonekana zaidi, basi huna tatizo la mtu. Una mfumo uliofika bila mafunzo ya kutosha, na ungekuwa umemwandikia onyo mtu mmoja kwa jambo la watu wote. Hili nimelikuta kwenye maghala na viwanda mara nyingi, na linaniuma kila ninapolikuta, kwa sababu anayeumizwa huwa ni yule wa zamani asiyejua kujitetea kwa lugha ya kompyuta.

Ukishakuwa na karatasi hizo mkononi, ndipo uzungumze.

Usimwite ofisini. Kwenye sehemu nyingi za kazi kwetu, mtu akiambiwa "unaitwa ofisini" kila anayesikia hugeuza shingo. Mzee wa miaka 51 anapita mbele ya vijana sita, anakaa kwenye kiti cha wageni mbele ya meza yako, na wewe uliyekuwa mwanafunzi wake umekaa upande wa pili. Hapo hata ungesema maneno matamu kiasi gani, yeye anatafuta namna ya kutoka na heshima yake. Njia fupi kuliko zote ni kukubali kila unachosema. Ndiyo maana ulipata "sawa bosi" mara tatu. Usidhani ni ujeuri au unafiki. Ulimpa mlango mmoja tu akautumia.

Nenda naye rafuni, saa ambayo mizigo ya asubuhi imeshaondoka na stoo imetulia. Kama unamwamkia shikamoo kila siku, siku hiyo mwamkie vilevile. Wasimamizi vijana wengine huacha shikamoo siku wanapotaka kuwa wakali, wakiona kwamba itawapunguzia madaraka. Haipunguzi chochote. Ukiiacha, umemwambia kwamba heshima yako kwake inategemea ripoti ya mwezi. Na mweleze mapema kinachokuja, asubuhi ileile, bila kumzunguka: "Mzee, naomba nusu saa yako mabasi yakishaondoka. Kuna oda tatu zilirudi, nataka unioneshe zilivyoandaliwa, nione ni wapi mfumo huu mpya unatusumbua." Mtu akijua anachoendea, hakai saa tatu anajenga ukuta moyoni.

Acha ile desturi ya kuanza na sifa. "Mzee wetu, tunakuthamini sana, wewe ni nguzo ya kampuni hii, ila..." Kila mfanyakazi anaijua hiyo "ila" iko njiani, hata sifa zako hazisikii. Tena zinaharibika kabisa, kwa sababu siku utakapomsifu kwa kweli atasubiri lawama inayofuata. Anza na kazi. Mpe karatasi ya oda moja iliyorudi, umwambie: "Hii ya Sengerema ilitakiwa amlodipine ya 10, ikaenda ya 5. Tuifanye upya kama vile imeingia sasa hivi. Nioneshe ulivyoanza." Kisha nyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Utatamani kumsaidia, kumkumbusha, kumwonesha kwamba wewe unajua. Vumilia, tazama mikono yake. Je, anasoma karatasi au anaangalia jina la mteja tu, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ilipokuwa dawa hiyo mwaka jana? Je, ananyoosha mkono kuisogeza karatasi mbali na uso? Je, anageuza boksi kutafuta tarehe ya kuisha muda, akikosa kuiona anakisia kwa kuwa "mzigo huu uliingia juzi"? Je, anamwita kijana amsomee? Dakika kumi za kutazama zitakufundisha kuliko vikao vyako vitatu.

Na maswali yako yawe ya namna hiyo. Ukimuuliza mtu "kwa nini umekosea?" atajitetea au ataomba radhi, na vyote viwili havikusaidii. Ukimuuliza "ulianzia wapi?", "hapa ulijuaje kwamba ni hili?", "ni wapi karatasi hii inakuchanganya?", atasimulia. "Umenielewa?" nalo ulitupe, maana hakuna mtu anayemjibu bosi wake "hapana". Badala yake mwulize: "Kesho oda ya kwanza ikiingia, utaanza na nini?" Jibu lake litakuonesha kama mmeelewana.

Kuna sababu ya kitaalamu ya kung'ang'ania oda ya Sengerema badala ya tabia ya mzee. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za miongo mingi kuhusu kumpa mtu maoni juu ya kazi yake. Kwa wastani utendaji ulipanda. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, ulishuka baada ya mtu kupewa maoni. Maelezo yao ni kwamba maoni yanapoyavuta mawazo ya mtu kwenye nafsi yake, yaani yeye ni nani, anaonekanaje, bado anaaminika, nguvu inahama kutoka kwenye kazi na kuingia kwenye kujilinda. Yanapobaki kwenye kazi yenyewe, mtu hujifunza. "Siku hizi huko makini" inamshika nafsi. "Kwenye oda hii nguvu ya dawa haikuangaliwa" inamshika mkono na kumpeleka rafuni. Maneno yote mawili yanahusu kosa lilelile.

Ikiwa ni macho, usishangae na usilifanye siri ya aibu. Baada ya miaka arobaini na kitu, uwezo wa kuona maandishi ya karibu hupungua kwa karibu kila binadamu, na tarehe zilizogongwa kwenye ncha ya boksi la dawa ni ndogo kweli. Lakini usiwe wewe wa kutamka "mzee, huoni". Sema unachokiona: "Maandishi haya ni madogo, na taa ya upande huu ni hafifu. Nitaomba karatasi zichapwe kwa herufi kubwa. Na wewe ukipima macho, niambie niongee na meneja kuhusu miwani." Meneja akisita, mwekee mezani hati ya mzigo mmoja uliorudi kutoka Ukerewe, na hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, alinganishe na bei ya miwani.

Mkimaliza kutazama, mkubaliane jambo moja. Nasisitiza moja. Wasimamizi wengi hutoka kwenye kikao na orodha ya maazimio nane, na baada ya siku nne hakuna anayekumbuka hata matatu. Jambo lenyewe liwe linaonekana kwa macho. "Kuongeza umakini" halionekani. Kwa mfano: kwa wiki nne, kila dawa inayoingia kwenye boksi, mzee anaweka tiki ya kalamu kwenye nguvu yake na kwenye namba ya toleo, palepale kwenye karatasi, kabla ya kuchukua inayofuata. Mtu wa pili anapokuja kukagua, anakuta tiki au hazipo. Hakuna ubishi.

Na wewe uondoke na deni lako. Makubaliano yenye jukumu upande mmoja ni amri. Kama mmeona amlodipine ya 5 na ya 10 zimepangwa pamoja, wewe ndiye mwenye mamlaka ya kuhamisha rafu. Hamisha kabla ya Ijumaa. Kama alifundishwa mfumo mpya kwa saa mbili pamoja na watu wote, na aliyefundisha alikuwa na haraka, tafuta kijana wenu anayeuelewa akae naye asubuhi mbili. Muulize mzee mwenyewe angependa afundishwe na nani. Mtu mzima hufundishwa na kijana bila shida akimchagua mwenyewe.

Ijumaa mkutane dakika tano, mkiwa mmesimama. Oda ulizoandaa wiki hii ngapi, zilizorudi ngapi, tiki zimesaidia au zinachelewesha. Kama hazikurudi, litaje lililofanyika kwa jina lake: "Oda ya Geita ya Jumatano ilikuwa ndefu, na hakuna hata boksi moja lililorudi." Hiyo ndiyo sifa inayomfikia mtu, kwa sababu inaonesha kwamba uliangalia. Kama zimerudi, mnarudi rafuni na karatasi kama mwanzo. Ijumaa hizi usiziruke. Watu wazima wanajua haraka sana kama msimamizi alikuwa na nia au alikuwa anatimiza wajibu, na wanakupima kwa kikao cha pili.

Nina wasiwasi na jambo jingine ambalo hukulitaja, labda halipo kwenu, lakini nalikuta kila mahali: kundi la WhatsApp la kazi. Picha ya boksi lililokosewa inatupwa kundini saa mbili usiku, "Hii nani kaifunga?", watu wanajibu kwa vikaragosi, mwenye kosa anasoma akiwa nyumbani na watoto wake. Kama mna tabia hiyo, ikome leo. Kundi litangaze ratiba na mzigo ulioingia. Kosa la mtu huzungumzwa na mtu huyo.

Wala usimtume mtu. Najua kwetu jambo zito likimhusu mkubwa hupitishwa kwa mtu wa makamo yake, na kwenye posa au ugomvi wa ukoo ni busara. Kwa kazi ya kila siku inavuruga. Mzee atajiuliza wangapi wengine wameshazungumza habari zake, na atajua kwamba unamwogopa. Nenda mwenyewe.

Sasa ile sababu nyingine niliyosema nitaifikia. Yawezekana hati zako zikaonesha makosa yasiyo na mpangilio: leo nguvu, kesho idadi, keshokutwa mteja. Ukiona hivyo, na mikono yake rafuni iko sawa ukimtazama, basi mawazo yake yako kwingine. Huenda kuna mgonjwa nyumbani. Huenda kuna mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na watu wanapiga simu saa za kazi. Huna haki ya kumchimba, ila unaweza kuuliza mara moja, mkiwa wawili: "Mzee, nje ya kazi mambo yako sawa? Kama kuna kitu ambacho kampuni inaweza kukusaidia, kama ruhusa au kubadilishiwa zamu, niambie." Akisema hakuna, amini, funga mada. Akisema lipo, msaada wako uwe kwenye yale uliyo na mamlaka nayo, na habari hiyo isivuke kwenda kwa mtu yeyote bila ridhaa yake, meneja akiwemo.

Na kuna lile lililo gumu zaidi kati yenu wawili. Alikufundisha kazi, leo unamsimamia. Huenda hakuwahi kuulizwa alijisikiaje siku uliyopandishwa. Huenda aliitarajia nafasi hiyo. Jambo kama hili likikaa bila kutamkwa hujitokeza kwa namna nyingine: kuchelewa kidogo, kujibu kwa neno moja, kuacha kusema anapoona kijana anakosea. Usilianzishe kwenye kikao cha kwanza, maana litaifunika kazi. Subiri wiki ya pili au ya tatu, mkiwa mmeanza kuzoeana na Ijumaa zenu, umwambie kwa maneno yako: "Mzee, kazi hii nimeijua kwako, na sijasahau. Sasa jukumu la stoo liko kwangu. Kama kuna namna ninavyosimamia inakukwaza, naomba uniambie mimi, nitasikiliza." Kisha usikilize kweli. Akikwambia kwamba unamkatisha akizungumza mbele ya madereva, usijieleze. Mshukuru, acha kumkatisha. Hakuna kitakachomrudisha kazini kwa moyo mmoja kama kuona neno lake limefanyiwa kazi na bosi wake.

Nije kwa meneja, maana najua ndiye anayekubana. Mweleze kwamba sheria nayo inataka njia hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi asiachishwe bila sababu halali na utaratibu wa haki, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42, zinatenganisha utovu wa nidhamu na utendaji usioridhisha. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu anayeiba dawa ana kosa la nidhamu. Mtu anayejitahidi lakini kazi haifiki kiwango ana tatizo la utendaji, na kwa huyo mwajiri anatakiwa kuchunguza sababu, kutoa maelekezo na mafunzo panapohitajika, na kumpa muda wa kutosha kujirekebisha. Muda huo unategemea mambo kadhaa, yakiwemo aina ya kazi, miaka aliyotumikia na rekodi yake ya nyuma. Mzee wako ana miaka mingi na rekodi nzuri. Kanuni hizohizo zinauliza kama mfanyakazi alikijua kiwango kinachotakiwa. Jiulizeni: je, kiwango cha makosa yanayovumilika kwenye mfumo mpya kimewahi kuandikwa mahali, akaoneshwa? Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maswali hayo ndiyo yatakayoulizwa, na vikao vitatu vya "nimekuelewa" visivyo na hata mstari mmoja wa maandishi havitawasaidia. Msomaji wa Kenya akumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 ya kwao, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, kabla ya kumwachisha kwa utendaji duni.

Kwa hiyo andika. Kila baada ya mazungumzo, nusu ukurasa: tulitazama nini, tulikuta nini, mzee atafanya nini, mimi nitafanya nini, tunakutana lini. Iwe kwa Kiswahili. Kampuni nyingi huandika nyaraka hizi kwa Kiingereza, mfanyakazi akasaini asichokisoma vizuri, halafu wakashangaa akisema hakujua. Msomee, mpe kalamu aongeze lake kama lipo, msaini wote wawili, naye abaki na nakala.

Omba kwa meneja wiki nne, na umwahidi namba: oda alizoandaa mzee na zilizorudi, wiki kwa wiki, pamoja na za wengine. Wiki nne zikiisha na makosa hayajapungua, wakati rafu zimehamishwa, herufi zimekuzwa, mafunzo yametolewa na tiki haziwekwi, hapo mazungumzo yanabadilika na unapaswa kumwambia waziwazi kwamba yamebadilika. Barua ya onyo ina nafasi yake siku hiyo. Itaje oda na tarehe, iseme msaada uliotolewa, iseme kinachotakiwa na kwa muda gani. Fikirieni pia kama kuna kazi nyingine humo ndani anayoiweza vizuri: kupokea mizigo, kuhesabu stoo, kufundisha wageni. Mkifika kwenye kikao cha kuamua hatima ya ajira yake, ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Sidhani mtafika huko, kwa dalili ulizonipa.

Limebaki la mshahara wa Desemba. Mwombe meneja asilitaje tena katika habari hii, na wewe usilitaje kabisa rafuni. Kampuni ya General Electric ya Marekani iliwahi kuchunguza vikao vyake vya tathmini, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1965 yalionesha kwamba maeneo ambayo wafanyakazi walikosolewa zaidi ndiyo yaliyosonga mbele kidogo zaidi. Watafiti walishauri habari ya mshahara itengwe na mazungumzo ya kuboresha kazi, kwa sababu fedha ikiingia mtu hawezi tena kusema "hapa pananishinda". Na wewe unahitaji mzee aweze kusema hivyo. Akikuuliza mwenyewe kama oda hizi zitamgusa Desemba, mjibu kwamba nyongeza ina siku yake na vigezo vyake, kwamba utamweleza vigezo hivyo kwa maandishi kabla ya mwezi wa kumi, na kwamba leo mnatafuta kwa nini ya 5 inachukuliwa badala ya 10.